Dawa Iliyopotelea Kwenye Paipu

Shule niliacha darasa la pili, na sijutii. Nilichoma makaa nikiwa kijana, nikachimba visima vya watu, kisha nikajifunza kujenga matangi kwa kumtazama fundi mmoja wa Tawa ambaye hakutaka kunifundisha. Nilikuwa namchanganyia simiti huku jicho langu liko kwenye mkono wake. Leo matangi yangu yamesimama mpaka Tseikuru, na sijasikia hata moja limepasuka. Nasema haya mapema ili ujue kwamba aliyechanganyikiwa katika habari hii si mjinga.

Hapa kwetu karibu na Tulia maji yanatoka mtoni, chini ya mchanga. Mto wetu karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, lakini ukichimba unayapata. Tulijenga ukuta wa kuzuia mchanga usiende na mafuriko, tukachimba kisima pembeni, tukaweka pampu ya sola. Pampu inapandisha maji mpaka tangi la juu, kule kilimani karibu na kanisa. Kutoka hapo yanateremka kwa paipu mpaka tangi la sokoni, na chini ya tangi la sokoni kuna kioski chenye mifereji mitatu. Matangi yote mawili ni kazi ya mikono yangu. Kamati ilinifanya mwenyekiti na pia mtia dawa, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kupanda ngazi kila asubuhi. Mke wangu ndiye anauza kwenye kioski.

Dawa ni klorini, unga mweupe wa kuwasha macho. Nilikuwa nakoroga mkebe mmoja kwenye ndoo ya maji pale kilimani, naacha utulie, halafu namwaga maji ya juu ndani ya tangi. Sikuwahi kuruka siku. Hata asubuhi ya kumzika kaka yangu nilipanda kwanza kilimani.

Na katika tangi la sokoni nilikuwa na ujuzi wangu mwenyewe, ambao kamati haikuniagiza. Nilitundika gunia la makaa, limefungwa kwa kamba, likakaa ndani ya maji. Makaa ya mgunga, niliyoyachagua moja moja. Mama yangu alikuwa anaweka vipande vya makaa ndani ya mtungi wa kunywea, na maji ya mama yangu yalikuwa hayana harufu ya udongo wala ya kitu chochote. Watu walitoka mbali kusalimia ili wapewe kikombe. Mimi nilifanya vilevile, ila kwa tangi. Na watu wakasifu. Walisema maji ya miji mingine yananuka dawa kama hospitali, lakini ya kwetu ni matamu. Mimi nilikuwa nasikia hayo na kunyamaza kama mtu mkubwa.

Ndipo akaja binti wa afya. Ni afisa wa afya ya umma, umri wa mjukuu wangu wa kwanza, na amevaa buti. Alikuwa na kidude cha plastiki chenye vyumba viwili na rangi zimepangwa pembeni. Unajaza maji, unatia kidonge, unatikisa. Maji yakiwa na klorini yanageuka pinki. Yasipokuwa nayo yanabaki yalivyo.

Akachota kwenye mfereji wa kioski, akatia kidonge, akatikisa. Yakabaki yalivyo.

“Mzee, leo hukutia dawa?”

“Nilitia.”

“Saa ngapi?”

“Jua likitoka. Uliza kilima.”

Basi akapanda kilima, na mimi nyuma yake. Akachota kwenye tangi la juu. Kidonge kiliyeyuka, maji yakawa pinki mbele yetu sote wawili.

“Huku iko,” akasema.

“Si nilikuambia?”

“Na kule chini haiko.”

“Basi kidude chako kinapenda mlima.”

Hakucheka. Alijaza chupa ndogo mbili, moja ya juu na moja ya chini, akazipanga kwenye sanduku la barafu, akaenda nazo maabara. Aliporudi baada ya siku chache alikuwa na karatasi. Maji ya tangi la juu hayakuwa na kitu. Maji ya mfereji yalikuwa na vijidudu vya kinyesi.

“Kinyesi cha nani?” nikauliza.

“Mzee, maabara haiandiki jina.”

Mke wangu alikuwa amesimama pale dirishani na pesa za watu mkononi. Akaketi. Lazima nieleze kwa nini aliketi. Kabla ya kioski, watu wote wa soko hili walikuwa wanakunywa kwenye mashimo ya mtoni, mahali punda na mbuzi wanaponywa na kukojoa. Mwaka mmoja ugonjwa wa kuhara ulishuka hapa, na mke wangu akamzika dada yake. Aliumwa siku mbili tu. Nilijenga tangi la sokoni mwaka uliofuata, na kwa siku kumi za mwisho nilikataa kulipwa.

Binti wa afya akasema atarudi baada ya wiki moja. Akikuta maji ya mfereji hayageuki pinki, atatia kioski kufuli.

“Ukifunga, hawa wote wanarudi mtoni,” nikamwambia.

“Najua, Mzee. Ndiyo maana nakupa wiki na sikupi siku.”

Akaniachia kidude kimoja na vidonge, akanionyesha mara mbili jinsi ya kusoma rangi. Mara moja ilitosha.

Sasa hebu nisaidie kufikiri, maana wiki ile nilifikiri mpaka kichwa kikawa kama kibuyu. Unaweka kitu juu, kinaingia kwenye paipu, paipu imefukiwa, hakuna mtu anayekigusa, na chini hakitoki. Chumvi ukiitia kwenye mboga upande huu wa sufuria, utaikuta na upande ule. Hii dawa inaenda wapi?

Kwanza niliongeza. Mkebe mmoja ukawa miwili. Juu kulinuka mpaka macho yakanitoka machozi. Chini, hakuna kitu.

Halafu nikamshuku mke wangu, na hilo nalikiri kwa aibu. Nilimwuliza kama anamwagia tangi maji mengine.

“Niyatoe wapi?” akasema. “Niyalie?”

Siku mbili hatukuzungumza ila mambo ya lazima.

Kisha nikashuku paipu ina tundu. Nikachukua jembe nikaanza kufukua kutoka kilimani. Ndipo akapita mwenzangu wa rika, yule anayeuza maji ya mtoni kwa punda. Tulitahiriwa pamoja, kwa hivyo ana ruhusa ya kunitukana.

“Mwenyekiti! Unatafuta viazi?”

“Natafuta dawa.”

“Imetoroka?”

“Endelea na safari yako.”

“Haki, hata dawa imechoka na wewe.”

Nilisimama na jembe langu nikamwuliza wazi kama ni yeye aliyetoboa paipu yangu ili auze yake. Akaacha kucheka. Alifunga kamba ya punda polepole, kisha akasema, “Yangu yana mkojo wa huyu hapa, na kila anayenunua ananiona nikiyachota. Yako wanasema ni matamu. Unafikiri nitatoboa paipu dawa itoke, wayanywe yakiwa matamu?” Akaenda zake. Niliona maneno yake yana maana lakini sikujua ni maana gani.

Paipu haikuwa na tundu. Nilifukua nusu yake nikafukia tena.

Siku ya tano nikasema, hapana, wewe ni fundi, fanya kama fundi. Ukuta ukivuja huanzi kuuvunja, unaufuata kwa kidole. Nikachukua kidude nikafuata maji. Tangi la juu, pinki. Bondeni kuna koki ya kutolea matope, nikaifungua, pinki. Nikapanda ngazi ya tangi la sokoni, nikafunua kifuniko, nikakinga maji pale yanapomwagika kutoka kwenye paipu. Pinki. Nikashuka haraka, nikafungua mfereji, nikatia kidonge, nikatikisa mpaka mkono ukauma. Yamebaki yalivyo.

Kwa hivyo ilikuwa ndani ya tangi langu. Hakuna mahali pengine pa kushuku. Nilirudi juu nikachungulia, kamba ya gunia iko hapo karibu na pua yangu, na mimi nikatazama kuta. Nikafikiri simiti yangu inakula dawa. Labda mchanga ulikuwa mbaya. Labda yule fundi wa Tawa kuna kitu alikitia kwenye simiti nisipoangalia, na matangi yangu yote mpaka Tseikuru yana ugonjwa huu. Lakini la juu nalo ni simiti yangu, na dawa inakaa. Sikuelewa. Nilikaa pale juu ya tangi mpaka mke wangu akavunja ule ukimya wetu.

“Baba, shuka. Watu wanauliza kama unataka kujirusha.”

Siku ya saba binti akaja, na kufuli ndani ya mkoba. Niliiona. Mimi nilikuwa na nyundo kubwa na patasi.

“Ya nini hiyo?” akauliza.

“Nabomoa. Tangi ndilo linakula dawa. Nimelifuata mpaka nimelikamata.”

Nikamweleza nilivyopima mahali kwa mahali. Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akasema hata yeye angepima hivyo hivyo, na hilo sitalisahau. Kisha akapanda ngazi, akafunua kifuniko, akashika kamba ya gunia.

“Mzee, hii kamba ni ya nini?”

Nikamwambia kwa fahari. Makaa ya mgunga. Ujuzi wa mama yangu.

“Vuta.”

Lilikuja zito kuliko nilivyolikumbuka. Gunia lote lilikuwa limevaa utelezi wa kijani, linateleza mkononi kama ulimi wa ng'ombe. Mke wangu aliweka kanga kwenye pua.

“Limelala humu tangu lini?”

Nikahesabu mvua. “Tangu mvua za mwaka juzi.”

“Makaa ndiyo yanakula dawa, Mzee.”

“Makaa yanasafisha maji.”

“Yanasafisha. Yanaondoa harufu, yanaondoa ladha. Na klorini pia yanaiondoa, hayajui kama wewe unaitaka. Dawa ikiisha, vijidudu vilivyoingia na gunia au na vumbi vinapata nyumba nzuri ndani ya huu utelezi.”

“Kwa hivyo kati ya mama yangu na wewe, nani mwongo?”

“Hakuna mwongo. Mama yako alikuwa anabadilisha makaa?”

Nilitaka kumjibu kwa ukali, lakini nikamwona mama, kila siku ya soko, akimwaga makaa ya zamani jikoni na kuosha mtungi kwa mchanga. Kila siku ya soko. Mimi nilikumbuka makaa, nikasahau mchanga.

Tulifunga mifereji wenyewe, bila kufuli. Nikaingia tangini na brashi, nikasugua kuta zangu, ambazo hazikuwa na ufa hata mmoja, naomba hilo lijulikane. Tukajaza upya. Kesho yake binti akarudi, akachota kwenye mfereji, akatia kidonge. Yaligeuka pinki nzito, kama midomo ya bibi harusi.

“Unatia mikebe mingapi?”

“Miwili.”

“Rudi kwa mmoja!” Hapo ndipo alicheka.

Alingoja siku nyingine moja, akapima tena, rangi ikawa pale anapotaka. Akachukua chupa nyingine ya maabara, akaondoka na kufuli yake.

Ungefikiri hapo nimepata amani. Sikupata. Mpaka leo jambo hili linanizunguka kichwani. Vitu viwili, vyote viwili vya kusafisha, ukiviweka pamoja vinaharibu. Na maji yalipokuwa na kinyesi watu waliyasifu, mimi nikavimba kichwa. Yalipokuwa safi, asubuhi ya kwanza tu, mama mmoja alinusa mtungi wake akasema, “Mwaitu, leo umetuuzia nini?” Mwaitu ni mama yetu, ndivyo wanavyomwita mke wangu. Wengine wakanusa nao. Wawili wakatoka kwenye foleni. Kule mwisho wa soko mwenzangu wa rika alikuwa amemsimamisha punda wake, anangoja tu. Njia ya mtoni inapita hapo hapo mbele yake.

Mke wangu alinitazama. Nilijua anamwona dada yake.

Nikachukua kikombe, nikafungua mfereji, nikanywa mbele yao. Nikajaza tena, nikanywa. Mimi mwenyewe sikuyapenda. Yule mama wa kwanza hakuondoka, aliniangalia nikimeza.

“Ni matamu?”

Sijawahi kudanganya kuhusu kazi yangu.

“Si matamu. Yananuka dawa, na chai yako itanuka. Yale matamu ndiyo yalikuwa mabaya, na ni mimi niliyeyaharibu.”

Alifikiri. Aliutazama mtungi, kisha akamtazama punda.

“Haya basi,” akasema, akausukuma mtungi chini ya mfereji. “Fungua.”