Majike Wasio na Jina wa Lambo la Mogitu

Siku yangu ya kwanza katika shamba la ngano la serikali, Mkuu wa Kitengo cha Wadudu alinikabidhi wavu, kioo cha kukuzia na onyo moja: "Binti, usiamini rangi." Nilikuwa nimetoka Endasak asubuhi ile, nimevaa viatu vya dada yangu. Kabla sijamaliza shikamoo yangu, tayari alikuwa njiani kwenda lambo la Mogitu.

Kazi yetu ilikuwa kujua ni wadudu gani wanaobaki baada ya ndege kunyunyizia ngano dawa. Mimi nilipewa kereng'ende wembamba, wale wanaokunja mbawa mgongoni wakitua. Lamboni walikuwepo wa aina mbili, na madume wao walifanana kama mapacha: bluu, na mistari myeusi mkiani. Bluu yenyewe, baridi ya asubuhi ikikaza, hugeuka kijivu. Basi tulisubiri jua, tukamshika dume taratibu, tukatazama vibano vilivyo kwenye ncha ya mkia, ambavyo dume humshikia jike shingoni. Aina moja ina vibano vifupi, nyingine virefu vilivyopinda. Majike ndio balaa: wote kahawia, vibano hawana. Kwa kioo kile hakuna aliyeweza kuwatofautisha, si mimi wala Mkuu. Niliandika "jike, aina haijulikani," naye akaridhika.

Mpaka Meneja wa shamba alipotangaza ujio wa wageni kutoka makao makuu.

"Hizo 'haijulikani' ziondoke," Mkuu akaniambia. "Jike akishikwa na dume, mwandike kwa aina ya dume huyo."

"Mzee, wewe mwenyewe umeona madume wakishika majike wasio wa aina yao. Kushikwa shingo si cheti cha ndoa."

Hakucheka. "Uko kwenye majaribio, binti. Na chumba unacholala ni cha shamba."

Nilijua. Baba alishasema nikifukuzwa nirudi kuolewa. Niliogopa, siwadanganyi. Lakini wale wa vibano virefu walikuwa wakipungua kila dawa ilipopita, na majike wa kubahatisha wangewajaza tena kwenye ripoti, huku lamboni wanaisha. Ng'ombe wa wafugaji walikunywa maji yale yale. Nikasema siandiki.

Akaandika mwenyewe. Wageni walikula mbuzi, wakapiga makofi, na ndege ikaendelea kuruka. Mimi nikahamishiwa ghala la magunia kwa kosa la ukaidi, nikakaa huko mpaka kustaafu. Chumba sikunyang'anywa, labda aliona haya, labda alisahau.

Sasa nyie vijana mnaniletea picha za kereng'ende kwenye simu, mnataka jina hapo hapo. Nikisema sijui, mnanung'unika kwamba bibi kazeeka. Nung'unikeni. Neno hilo lilinikosesha kazi niliyoipenda kuliko zote, nikailia ghalani katikati ya magunia, na mkinisimamisha leo mbele ya Mkuu nitalisema tena. Wale majike walikuwa wa aina gani? Sijui. Na yeye hakujua.