Meno Saba Yanatosha

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Butembo, mkuu wa kliniki ya meno alinikabidhi koleo kabla hajaniuliza jina. "Hapa tunatoshaka," aliniambia. "Mutu anakuja na jino mubaya, unatosha, anarudia kwake. Fini." Kwa ninyi mnaosoma mkiwa mbali: kwetu kutosha jino ni kuling'oa. Nilitosha kwa miaka mingi, na sitawaficha, nilijivunia sana mkono wangu.

Baadaye nilihamishiwa Beni, kwenye joto na vumbi la malori, chini ya daktari msimamizi, mama mpole wa sauti na mkali wa macho. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima hatari ya jino kuoza kabla halijaoza. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi hulainisha jino. Mate huiosha. Kwa hiyo tuliangalia ukoko kwenye meno, wingi wa mate, sukari, na dawa anazomeza mgonjwa. Kwa wazee tuliangalia pia mizizi, maana ufizi ukishuka mzizi hubaki wazi, na hauna lile ganda gumu linalolinda sehemu ya juu. Siku moja nilimwambia kwamba mzee kupoteza meno ni kama kuota mvi tu. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Lakini mvi haiumake," alisema. "Jino inaumaka."

Nilirudi Butembo na fomu ya maswali aliyonipa, nikijiona mjuzi wa wajuzi. Ndipo alipokuja Mama Masika, mkulima wa viazi kutoka Musienene na mwongozaji wa korali, yaani kwaya, ya kanisa lake. Alikuwa amebakiwa na meno saba, yote ya mbele, na alitaka kujua kama yatadumu.

"Koko, unakulaka sukari?" nilimuuliza, nikimwita bibi kwa heshima.

"Mi hapana kulaka sukari."

Nikaandika: hatari ndogo. Nikamwambia aende kwa amani.

Baada ya mavuno mawili alirudi amefunika mdomo kwa kitenge. Mizizi ya meno manne ilikuwa imelainika. Nilipoigusa kwa chombo, ncha ilizama kama kwenye kiazi kilichochemshwa. Mkuu alichungulia mara moja tu. "Tosha yote saba," akasema, akarudi bureau, ofisini kwake.

Mama Masika akaanza kulia. "Docta, bila hii meno, wimbo itatoka upepo tu. Batanikalisha nyuma, mi mwenye nilifundisha bote kuimba."

Alipokuwa akisema hayo, nikasikia kitu kikigonga meno yake. Tak. Tak.

"Koko, nini hiyo mu kinywa?"

"Bombo."

Peremende! Nilihisi damu ikinipanda kichwani. "Lakini uliniambia hapana kulaka sukari!"

"Mi hapana kula. Ninafyonza." Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Na ile ya chai, ninakunywa."

Hakuwa amenidanganya hata kidogo. Tangu aanze vidonge vya tension, yaani shinikizo la damu, mate yalikuwa yamekauka, na ili aweze kuimba alifyonza bombo kutoka asubuhi hadi jioni. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeuliza. Niliona aibu kubwa.

Nilimfuata mkuu bureau nikamwomba miezi mitatu.

"Na kama inaharibika zaidi?"

"Nitatosha mimi mwenyewe, chef, na nitamuomba pardon mbele yako."

Akanikubalia kwa kuguna. Nilipaka mizizi ile dawa yenye madini ya floraidi, ambayo hulikaza jino. Mama Masika aliacha bombo, akabeba chupa ya maji ya kunywa kidogo kidogo, na chai ya sukari akaiweka kwenye saa za chakula tu. Alipiga mswaki mara mbili kwa siku na dawa ya floraidi, akitema bila kusukutua. Vidonge hakuviacha, bali alimweleza daktari wake habari ya mate kukauka. Nami nilifuta swali langu kwenye fomu, nikaandika jingine: "Tangu asubui, nini imepita mu kinywa?"

Miezi mitatu ilipotimia, mkuu alichukua chombo mwenyewe. Mizizi ilikuwa na rangi ya kahawa, lakini migumu. Akagusa, akagusa tena. Mwishowe akanitazama. "Rudisha koleo mu kabati," akasema. Nilitoka nje nikafuta machozi kwa mkono wa koti.

Sasa nimestaafu. Meno niliyotosha ni mengi mno, siyakumbuki hata kidogo. Yale niliyoyaacha mahali pake ndiyo ninayoyakumbuka, na vijana wa siku hizi wataacha mengi kuliko mimi. Siku ya kuniaga, Mama Masika alileta korali nzima, akasimama mbele, kila neno likatoka safi. Kisha akanijia nilipoketi na soda yangu.

"Docta, tangu asubui, nini imepita mu kinywa?"

Nikaisukuma chupa nyuma ya kiti. Ili kubadilisha habari, nikamwomba afungue kinywa, nikahesabu.

"Iko saba ile ile," alisema kabla sijamaliza. "Inatosha." Halafu akaninyooshea kidole. "Lakini hapana kutosha!"