Mtani wa Baba Darajani

Lile daraja la mbao halipo tena. Pamejengwa jingine la zege, lina vyuma vya kushikia pembeni, na mwaka jana nilipolitembelea nilikuta vijana wamejaa wanapiga picha. Nilivuka mara moja, nikarudi, nikaondoka. Sipapendi pale. Kuna jambo liliharibika pale, na aliyeliharibu ni mimi.

Tulikaa Kariakoo, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita. Kila Jumapili baada ya misa baba alinichukua kwenda bustani ya ukingoni, ng'ambo ya mkondo wa Msimbazi. Bustani yenyewe ilikuwa nyasi, viti vinne vya saruji na upepo. Kwa mtu aliyeshinda wiki nzima akibeba magunia bandarini, upepo ulitosha. Waendao kwa miguu walipita kwenye hilo daraja, jembamba kiasi kwamba wawili wakikutana katikati, mmoja sharti ageuke ubavu.

Na hapo katikati ndipo alipotusubiri fundi viatu mmoja, mrefu, mwembamba, rafiki wa baba.

"Mateka wa babu yangu hapiti hapa bila ushuru!" alipaza sauti, mikono kaitanua.

"Babu yako yupi? Yule aliyetupa ngao akakimbilia msituni?" baba alimjibu. "Pisha, mtumwa."

"Ukifa nitakuzika kichwa chini."

"Utatangulia wewe, kwa njaa."

Watu walisimama nyuma yetu wakicheka. Mimi sikucheka. Baba alikuwa Mngoni wa Songea, mwenzake Mhehe wa Iringa. Babu zao walipigana vita, wajukuu wakabaki watani. Hayo nayajua leo. Wakati ule nilikuwa na miaka tisa, mzaliwa wa mjini, na hakuna aliyenieleza. Kwa wakubwa utani ulikuwa kama chumvi, na nani humweleza mtoto chumvi ni nini? Nilichokiona mimi ni mtu anayemtukana baba yangu kila wiki, na baba anachekelea. Nilimchukia yule bwana kwa moyo wangu wote.

Jumapili moja alimvua baba koti. Lilikuwa koti lake pekee, la kuendea misa. "Limenikaa kuliko wewe," alisema, akalivaa, akaenda zake. Baba alicheka njia nzima. Mimi nililia kwa hasira, na mama naye alinuna mpaka jioni.

Ilikuwa miaka ile ya kuwarudisha vijijini watu wasio na kazi mjini, wakalime. Jumapili iliyofuata tulikuta mgambo watatu na lori upande wa bustani, wanadai vitambulisho vya kazi. Baba alitoa chake. Fundi viatu, tuliyevuka naye, hakuwa na cha kutoa. Kushona viatu kwenye baraza za watu hakukuhesabiwa kuwa kazi.

"Huyo mwachieni," baba alisema. "Ni ndugu yangu. Tunabeba wote bandarini, kitambulisho kakisahau nyumbani."

Mgambo mmoja, mtu mzima, alielekea kukubali. Alinigeukia akitabasamu. "Eti mwanangu, huyu ni baba yako mdogo?"

Nikasema siyo. Nikalisema kwa sauti, nimesimama wima kama mbele ya mwalimu mkuu: si ndugu yetu, bandarini hafanyi kazi, tena ni mwizi, hata koti alilovaa ni la baba. Loo, nilivyojiona shujaa!

Baba alijaribu kusema mtoto hajui asemalo, lakini walikwishamshika mwenzake. Fundi viatu alinitazama bila chuki yoyote. Akipanda lori akageuka. "Mateka wee, umezaa askari! Hatimaye ukoo wenu umepata mwenye akili!"

Hapo ilikuwa zamu ya baba kujibu. Badala yake alishika ubavu wa lori kwa mikono miwili. Mwenzake alipoona hivyo akaanza kufungua vifungo vya koti, alirudishe.

"Nenda nalo!" baba alipiga kelele. "Iringa baridi!"

Lori likaondoka.

Hatukukaa bustanini. Tukirudi, baba alisimama katikati ya daraja, watu wakawa wanatupita kwa ubavu. Alisema bila kunitazama: "Mwanangu, ndugu hawatoshi kumzika mtu. Wao wanalia tu. Mtani ndiye anayetangulia kuingia kaburini, akakutukana, akawachekesha wafiwa, ndipo unakwenda umetulia. Mimi mjini hapa nilikuwa na huyo mmoja." Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Aliagiza salamu kwa kila aliyekwenda Iringa. Hakuna jibu lililorudi. Jumapili alienda bustanini peke yake, nami sikuthubutu kuomba kufuatana naye.

Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Kaburini wazee wa Songea walichelewa kidogo kumshusha, wakitazamana, kama wanaosubiri mtu. Shangazi yangu, aliyesafiri siku mbili kuja kumzika kaka yake, aliniinamia sikioni.

"Miaka yote hii mjini, kaka yangu hakuwa na mtani?"

Nilikuwa na maneno yote mdomoni: nani, wapi, na nani alimponza. Watu walikuwa wamenizunguka, wengine wamenishika mabega wakinihurumia.

"Hakuwa naye, shangazi," nilisema.

Basi wakamshusha, na hakuna aliyecheka.