Mikunjo ya Dafroza

Mdogo wangu Dafroza hakuzaliwa mtengeneza mashada. Watu wa Nyakato, hapa Musoma, wanasema hivyo kwa sababu wamemjua juzi. Mimi Marieta ndiye niliyembeba mgongoni kule Kibara, kwa hiyo nitaeleza mimi, na atakayebisha abishe.

Mumewe, Alfonsi, alifariki mwaka wa themanini na tatu, wakati ambao sabuni tulikuwa tunaisikia kwa jina tu. Akamwachia mtoto mmoja, Pastory. Baada ya msiba Dafroza akawa halali usiku, na mchana mikono inamtetemeka mpaka sufuria ya uji ikamponyoka. Sista Ursula wa misheni, aliyekuwa anafundisha wanawake kushona, akampa karatasi ya mfuko wa saruji, maana nyingine haikuwepo hata shuleni. Akamwonyesha kukunja ua. Akamwambia, "Fuata mkunjo ulio mkononi mwako. Wa mbele usiuwaze. Pumua, bonyeza, geuza."

Mimi nilicheka. Mwanamke mzima anacheza na makaratasi na unga wa udaga umekwisha ndani! Lakini niliona kwa macho yangu. Akishaosha vyombo anakaa kwenye mkeka, anakunja polepole, mabega yanalegea. Akimaliza ua analifungua, analinyoosha kwa kiganja, anaanza upya. Karatasi moja alikuwaga anakaa nayo mwezi, mpaka ikatike kwenye mikunjo. Mikono ikatulia. Akaanza kulala.

"Dada," aliniambia, "nikiwa nakunja, Alfonsi hajafa wala hajapona. Kuna karatasi tu."

Kosa nililifanya mimi. Mwaka wa tisini na mbili biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka yamejaa, karatasi za rangi unachagua mwenyewe. Dafroza alikuwa na maua thelathini kwenye kikapu, anayafungua na kuyakunja upya kwa zamu. Jirani yake, Bhoke, akafiwa na binti. Nikayachukua yale maua bila kumwuliza mwenyewe, nikayafunga kwenye duara la fito, nikayapeleka makaburini kifua mbele.

"Kazi ya mdogo wangu hii," niliwaambia watu. "Musoma nzima nani mwingine anaweza?"

Nilitaka wajue ukoo wetu si wa hovyo. Wakajua. Wiki ile ile walikuja wawili kuomba mashada. Ilikuwa miaka ambayo ule ugonjwa ulikuwa unachagua vijana, Nyakato, Kigera, mpaka Bunda, na Dafroza hakuweza kumkatalia mfiwa. Akawa anakunja huku mtu amesimama mlangoni anamhimiza.

"Mama Pastory, fanya haraka, jeneza linatoka saa nane!"

"Ngoja kidogo, baba."

"Tangu lini ua la karatasi likasubiri mvua ndiyo lichanue?"

Wenzake pale mlangoni walicheka. Dafroza hakucheka. Hakuna ua alilolifungua tena. Yote yalikwenda makaburini na kubaki huko, na mikono yake ikaanza tena kutetemeka.

Mwaka wa tisini na tano Pastory akarudi kutoka Bunda, alikokuwa anauza mitumba. Amekonda, shati limemshinda. Tukamlaza chumba cha ndani. Ukuta wenyewe haukufika kwenye bati, kila karatasi ikichakacha anasikia.

"Mama, hilo la nani?"

"La watu wa Kigera, mwanangu. Mzee mmoja."

"Mzee kweli?"

"Mzee."

Kesho yake anauliza tena. Siku moja akasema, "Langu usiweke njano, mama. Njano inanifanya mweusi." Akacheka, akakohoa, akacheka. Dafroza akaweka karatasi chini, na ndani ya nyumba ile hakuzikunja tena.

Basi ikawa hana pa kupumzikia. Hali, halali, amekaa miguuni pa mtoto kama nguzo. Nikaja juu.

"Utakufa kabla yake! Njoo kwangu Kigera, kwa saa mbili tu. Ukunje la kwako, si la mtu. Bhoke atakaa naye."

"Siwezi kumwacha, dada."

"Mkubwa wako nani? Nimesema njoo."

Akaja, Jumanne. Nilifunga mlango asiingie mwenye kuomba shada, nikampa karatasi nyeupe. Mwanzo vidole vilikataa. Baadaye nikaona mabega yanalegea. Anakunja, anafungua, ananyoosha, anakunja. Miaka mitatu sikuwa nimeiona sura ile. Alipotaka kuondoka nikamwambia, "Moja tena, mdogo wangu." Akakunja moja tena.

Nikamsindikiza, tukakutana na Bhoke njiani, kitenge hakijafungwa vizuri. Dafroza akamshika mkono.

"Amekuita mara tatu," Bhoke akasema. "Nikamwambia unakuja."

Siku ya kuzika watu waliangaza macho kutafuta shada. Nikamsikia mmoja, "Yaani mama wa mashada, mwanawe hana shada?" Nikaingia ndani, nikashika karatasi mwenyewe. Vidole vyangu ni vya jembe, nikapasua nne. Dafroza alikuwa ananiangalia tu.

"Acha, dada," akasema.

Pastory akazikwa hivyo hivyo.

Matanga yalipokwisha nilimnunulia pakiti nzima ya karatasi nyeupe. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri kama anavyomshukuru mgeni, akazichomoa moja moja kuwashia moto wa chai.

"Kunja hata moja, mdogo wangu," nikamwambia. "Utapumzika."

"Nilipumzika siku ile," akasema.

Nikachukua ndoo, nikaenda kumchotea maji.