Kioo cha Kusukuma

Raba ya dirisha la gari ikipigwa na jua hutoa harufu yake, kama kandambili mpya iliyosahauliwa karibu na jiko. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye yadi moja ya magari Ruiru, nikimsomea muuzaji kasoro za pikapu ambayo, kusema ukweli, nilikuwa nimeshaipenda. Nikasogeza pua kwenye kioo cha nyuma, eti nakagua. Harufu ikanishika. Nikasahau nilikuwa nimefika kasoro ya ngapi, na mimi si mtu wa kupotea katikati ya hesabu.

Pikapu yetu nilipokuwa mtoto ilikuwa ya samawati, au ilikuwa samawati kabla baba hajainunua. Tuliishi Kimbo. Alfajiri baba na mama walikwenda kuchukua nyanya Thika, kisha wakazipeleka soko la Githurai, na shule zikifungwa mimi nilikuwa abiria wao. Baba aliendesha, nami nikakaa kando yake. Mama alikaa nyuma kwenye gunia lililokunjwa, mgongo kwenye kebini na mkono juu ya makreti. Nyanya zisipokuwa na wa kuzishika hufika Githurai zikiwa supu, na kwenye foleni ya magari kuna vijana wenye mikono mirefu.

Mbele kulikuwa na joto la kuoka mkate. Hita ilikuwa imekwama kwenye moto. Nadhani mwenye gari wa kwanza alitoka Limuru, kwenye baridi. Kioo cha mlango wangu tulikishusha kwa koleo. Kilichotuokoa ni kile cha nyuma, cha vipande viwili, kimoja kikisukumwa kando juu ya mwenzake. Baba alikuwa na sheria.

"Ciku, usifungue cha nyuma peke yake, utatuvutia vumbi na moshi wote. Shusha cha mlango kwanza, upepo upate pa kuingia na pa kutokea."

Nilishusha, nikasukuma. Upepo ukatokea nyuma, na sauti ya mama ikaingia mbele.

Aliongea kutoka Thika mpaka Githurai, mdomo kwenye dirisha.

"Baba Ciku, umemwona yule mama wa vitunguu? Ameongeza bei bila haya."

"Nimemwona."

"Umemwona na ukanyamaza?"

"Si ulikuwa unaongea wewe?"

Mama akacheka hadi makreti yakatikisika. Baba aliendesha kichwa kikiwa nyuma, sikio dirishani, kama mtu anayenyolewa. Nyumbani hawakuwa hivyo. Nyumbani kulikuwa na watoto, cucu, yaani bibi yetu, majirani wa kuazima sufuria, na uchovu. Huko walisema lete chumvi na funga mlango, basi. Sikuona ajabu yoyote.

Siku moja karibu na Juja lori lilisimama ghafla mbele yetu. Baba akakanyaga breki, kreti ikateleza na kona yake ikavunja kioo. Mama hakuumia, nyanya ndizo ziliumia. Kesho yake baba akaenda kwa fundi wa vioo Thika, na kosa lake ni kwamba alienda peke yake. Kumtuma baba kununua kitu ilikuwa kama kumtuma mbuzi akaangalie kabichi. Alirudi na kioo kimoja kizima, kimegandishwa kwa gundi pande zote.

"Hiki ni rahisi," alisema. "Tena hakipitishi mvua."

Mama akakigonga kwa kidole. "Aterere, hebu sikia, Baba Ciku. Hiki ni kioo ama ni ukuta?"

Tangu hapo mama aliongea na sisi kwa kupiga bati la paa: mara moja simama, mara mbili twende. Baba alikuwa akianza, "Mama Ciku, unakumbuka..." kisha anakumbuka yeye mwenyewe na kufunga mdomo. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma tuliona midomo ya mama ikienda, baba akaitikia kwa kichwa. Siku moja aliitikia hivyo vizuri kabisa, kumbe mama alikuwa anasema turubai limeng'oka. Mimi nilikuwa natoka jasho, nikaamini kwamba mwenye shida garini ni mimi.

Baada ya wiki kadhaa, tulipomaliza kuuza, mama alinishika mkono tukaenda kwa muuza vipuri vya mitumba. Kioo cha kusukuma kilikuwa kimening'inia ukutani kati ya boneti. Hapa lazima mjue mama alivyonunua vitu. Aliicheka bei, akaondoka, akaitwa, akakataa kuitwa, akarudi kwa huruma. Hata kwa fungu la sukuma wiki. Nilijua hatua zote, kwa hiyo miguu yangu ilikuwa tayari.

"Mathe, hii ni orijino. Inateleza kama sabuni," kijana alisema, akataja bei ya kutukana.

Nikageuka kuondoka. Mama hakugeuka. Alisukuma kile kioo kando, akakirudisha, akakisukuma tena.

"Utakifunga leo?"

"Leo leo."

Akafungua kitambaa chake, akalipa.

"Mama! Hujapunguziwa!"

"Nyamaza, Ciku."

Hata kijana alihuzunika. Alikuwa amejiandaa kushuka, na sasa hakuna wa kumshusha. Akatuongezea raba mpya bila kuombwa.

Nilidhani mama ni mgonjwa, nikawaeleza ndugu zangu wajiandae. Tukirudi jioni ile, nilishusha cha mlango, nikasukuma cha nyuma.

"Baba Ciku."

"Eeh."

"Hakuna. Naangalia kama unasikia."

Ilibidi nikue, niolewe, nikae kwenye nyumba yenye vyumba vya kutosha na maneno machache, ndipo nikaelewa. Nyumba yetu ya Kimbo haikuwa na mahali pa watu wawili. Wao walikuwa wamepapata garini, tundu la ukubwa wa sinia, na mama aliyepigania bei ya kila jani hakutaka kuhatarisha kile kioo kwa kuondoka hata hatua moja. Mimi ninapatana bei ya kila kitu mpaka leo, naye ndiye aliyenifunza. Bado ninatafuta kitu ambacho nitakilipia bei ya kwanza.

Mama alishatuacha. Juzi nilimtembelea baba nikamuuliza walikuwa wakiongea nini siku zote zile.

"Nyanya," alisema. "Bei ya nyanya tu."

Akarudisha kichwa nyuma, kama yuko kwenye usukani.

"Siku hizi sijui hata zinauzwa ngapi."