Kabati Langu Linasogea

Tulipohamia nyumba ya kupanga mtaani Umoja, fundi alitaka kupigilia makabati ya jikoni ukutani. Nikakataa. Nikaagiza kabati la kusimama lenyewe, nikawatangazia wapangaji wote wa ploti yetu kwamba mimi nikitaka kufagia nyuma nasogeza tu. Kusema kweli, sikuwahi kulisogeza hata siku moja.

Kisha mwiko wa ugali niliopewa na mama mkwe ukapotea. Nikaamua ni jirani yangu, Mama Brayo, aliyeuazima akakaa nao kimya. Kumuuliza sikumuuliza. Nilimnunia tu, na majirani wengine nikawaeleza sababu.

Jumamosi iliyopita mama mkwe akaja kutoka Busia. Nikamwambia kwa maringo, "Mama, ngoja uone kabati langu linavyosogea."

Likanishinda. Mama Brayo, aliyekuwa amekuja kumsalimu mgeni, akashika upande wa pili, tukavuta.

Mwiko uliokuwa umebanwa nyuma ukaanguka sakafuni, umevaa utando wa buibui.

Mama Brayo akauokota, akaupangusa kwa leso yake, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele ya mama mkwe.

"Mama Kevo," akaniambia kwa upole, "samahani, nimekaa nao sana."