Macho Yaliyofura

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga huko Kimbo, karibu na Ruiru, mwanamke akitoka nje asubuhi macho yamefura, hakuna aliyeuliza kama ameumwa na nyuki. Watu walimtazama mume wake. Mwaka huo wa tisini na kitu nilitoka hivyo karibu kila siku, nikabeba ndoo yangu hadi kwenye mfereji, na wanawake wakaacha kuongea. Kope zilikuwa nzito, naona njia kwa shida. Mikononi na mapajani nilikuwa na madoa ya zambarau ambayo sikujua yalikotoka. Vidole viliuma hadi nikashindwa kukamua nguo.

Mume wangu alifanya kazi katika kiwanda cha nguo huko Thika. Alikuwa mpole wa kuudhi, mtu ambaye hata kuku wa Krismasi alimpa jirani amchinjie. Alininunulia dawa ya malaria, kisha ya minyoo, kisha ya mzio. Siku moja akasema labda ni mto ninaoulalia. Nilitamani kumrushia huo mto.

Jirani mmoja alikutana na kaka yangu mkubwa sokoni Ruiru, akamwambia maneno mawili tu: "Dadako amefura." Kufura ni neno baya. Macho hufura, na mtu mwenye hasira pia hufura. Mimi nilifura macho, kaka yangu akafura roho, na hakuna aliyeuliza lolote zaidi.

Walikuja Jumapili mchana, kaka zangu wote wawili, watu wakirudi kutoka kanisani. Mume wangu alikuwa anapiga pasi shati lake la kazi. "Karibuni," alisema, "kuna chai." Kaka mkubwa alimjibu kwa mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilimpata begani, nikasikia mfupa ukilia. Pasi ilianguka ikaanza kuunguza mkeka. Kaka mdogo alimkamata shingo, yule mwingine akaendelea kupiga, mbavu, kichwa, mgongo, kama anayepura maharagwe. Damu iliruka ikafika kwenye pazia. Ploti nzima ilisimama mlangoni, na hakuna aliyeingia, kwa sababu wote waliona haki ikitendeka.

"Hajanipiga!" nilipiga kelele. "Haki ya Mungu, hajawahi kunipiga!"

"Wewe nyamaza," kaka mkubwa alisema huku akihema. "Wote husema hivyo."

Na ni kweli, wote husema hivyo. Hilo ndilo lililoniua. Nilimrukia mgongoni, nikamuuma bega hadi nikaonja damu yake, naye akanitikisa nikaanguka. Walinitupa kwenye pikapu pamoja na godoro langu. Mara ya mwisho kumwona mume wangu siku hiyo, alikuwa amekaa sakafuni, akipapasa meno yake kwa ulimi.

Kwa mama, Thika, nilitunzwa kama yai. Hakuna aliyeinua hata sauti. Lakini kila asubuhi niliamka nimefura zaidi, na sasa miguu nayo haikuingia kwenye viatu. Mkojo wangu ulitoa povu kama la sabuni. Mama alinitazama tu, hadi asubuhi moja kaka zangu wakinywa chai, akaweka kikombe chake chini.

"Leo amepigwa na nani?" aliuliza.

Aliwaelekezea kidole mmoja mmoja.

"Nauliza. Ni wewe? Ama ni wewe? Ama ni mimi nimempiga nikiwa nimelala?"

Kaka mkubwa aliacha mkate wake mezani, akaenda kutafuta gari.

Hospitalini Thika, daktari aliuchemsha mkojo wangu kwenye kichupa juu ya moto, nao ukaganda ukawa mweupe kama yai la kuchemsha. Alisema figo zinavuja. Tulitumwa Nairobi, huko nikalazwa kifudifudi, sindano nene ikadungwa mgongoni ili kunyofoa kipande cha figo. Niliitukana ile sindano kwa Kikuyu. Majibu yalipotoka, daktari, mama mmoja mtaratibu, alituketisha.

"Mwili una askari wake wa kuulinda na magonjwa," alisema. "Wako wamekugeuka. Wameona figo zako wakadhani ni adui, na sasa wanazipiga. Ugonjwa unaitwa lupus. Hatuuoni mara nyingi."

"Kwa hivyo nani alikuwa anampiga?" kaka mkubwa aliuliza.

"Hakuna mtu. Ni mwili wake mwenyewe."

Kaka alimwomba daktari arudie, polepole. Daktari akarudia.

Nilipewa vidonge vya kuwatuliza hao askari, na dripu kali ambayo watu wengine hupewa kwa kansa. Nilitapika hadi nyongo. Nywele zilibaki kwenye kitana. Vidonge vilinipa uso wa mviringo na hasira ya kupasua vikombe. Nilimrushia mama kikombe. Daktari alisema hasira ni ya dawa, nikamwambia hapana, nyingine ni yangu. Aliniahidi kwamba figo zinaweza kupona kwa kuwa tumezipata mapema. Ndoa hakuitaja. Nililala pale nikiitaka hiyo ndoa kuliko figo. Mume wangu alikuwa amehamia kwa dada yake huko Mwihoko, na hakuna ujumbe niliotuma uliorudi na jibu.

Kisha siku moja ya dripu akaja. Pua yake ilikuwa imepinda. Kaka mkubwa, aliyenipeleka, alimwona akatoka nje hadi kwenye koridoa. Mume wangu hakunisalimia. Alifunua shuka, akaweka kidole gumba kwenye muundi wangu, akabonyeza. Alibonyeza kwa nguvu zote za mtu aliyeonewa, na iliuma, nikauma meno nikamwachia. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki pale kwenye nyama iliyojaa maji. Tuliliangalia wote wawili.

"Niliwaambia hujanipiga," nilisema.

"Sema kwa sikio hili. Lile lingine halisikii tangu siku hiyo."

Nikasema tena, kwa sauti ya kufika koridoa. Alinifunika mguu. "Kesho nitaleta uji wa wimbi," alisema. "Huu wa hapa ni maji."

Akatoka. Nikasikia kishindo kimoja cha ngumi kwenye nyama, na mtu akiyumba na kugonga ukuta. Hakukuwa na cha pili. Nyayo za mume wangu zilienda zake bila kukimbia.

Nesi aliingia akimvuta kaka yangu kwa mkono, jicho moja tayari limeanza kufura, damu ikichuruzika puani.

"Ni nani amekupiga hivi?" nesi aliuliza. "Niite askari?"

Kaka yangu alinitazama, kisha akatazama chini.

"Hakuna mtu amenipiga, sista," alisema. "Nimejigonga tu kwa mlango."